Taya la Bi Misumari

Nitasema mapema, msije mkanilaumu baadaye: maumivu yale yalikuwa yanamtaka Shangazi roho, na sisi wenye akili zetu timamu tulikuwa tunamchemshia maji ya chumvi asukutue. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Hata yeye mwenyewe, mwanamke asiyedanganywa na seremala yeyote, alijidanganya kwa wiki nane.

Shangazi yangu ni fundi makochi. Karakana yake iko ghorofani, juu ya kinyozi, na kuifikia unapanda ngazi ishirini na moja za saruji, nyembamba, zenye kona katikati iliyowekwa na mtu ambaye hajawahi kubeba kochi maishani mwake. Mimi ni mshonaji wake. Nimekaa kwenye cherehani karibu na dirisha tangu nina miaka kumi na tisa, na sasa nina arobaini na moja, kwa hiyo sidhani kama yupo anayemjua kunishinda. Watu wanamwita Bi Misumari, na anayemkuta kazini kwa mara ya kwanza haulizi kwa nini.

Mafundi wenzake siku hizi wanatumia stepla za upepo. Yeye hataki hata kuzisikia. "Stepla inashika kitambaa," husema, "haishiki heshima." Anatumia misumari midogo yenye kichwa bapa, na anaihifadhi mdomoni. Anajaza thelathini kwa mkupuo, anaigeuza mmoja mmoja kwa ulimi mpaka kichwa kitazame nje, anaibusu nyundo yake yenye sumaku, msumari unanasa, na kabla hujapepesa umeshaingia kwenye mbao. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unapiga. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu mumewe, na hajawahi kumeza hata mmoja, ingawa mimi nimeshaota ameumeza mara nyingi tu.

Ubaya wa kazi ya namna hiyo ni kwamba nusu ya siku huwezi kusema neno. Shangazi amejitengenezea lugha ya mdomo uliofungwa. Guno moja ni ndiyo, mawili ni ondoka kwenye mwanga wangu. Wateja wanampenda kwa hilo. Wanakuja kuulizia kiti, wanabaki kumsimulia mambo ya ndoa zao, kwa sababu hawakatizwi.

Maumivu yalianza siku tuliyopandisha kochi la watu watatu. Huwa tunabeba wawili, mimi juu, yeye chini, maana upande wa chini ndio mzito na hamwamini mtu. Tukifika hapumziki. Anakaa hapo hapo kwenye kigoda chake, anajaza misumari mdomoni na kuanza. Siku hiyo nyundo ilikuwa hewani nikamwona ameshika taya la kushoto, macho ameyakaza. Ilipotoka kama misumari kumi hivi, akaachia taya na kuendelea. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa pia. Nilimuuliza jioni akiwa na mdomo mtupu, akasema ni kama kuna mtu amelikamata taya anataka kulivuta chini, kisha anaghairi.

Misumari iko mdomoni na maumivu yako tayani. Nani angehangaika kutafuta mchawi mwingine? Shangazi akaamua ni misumari. Akabadilisha pakiti.

Naye si mtu wa kuficha ugonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo anavyosema siku zote, na kuuliza si ujinga. Kwa hiyo aliuliza. Aliuliza kila aliyepanda ngazi zile. Kosa lilikuwa katika namna ya kuuliza: alikuwa na misumari mdomoni. Alimsimamisha mtu, akanyoosha kidole kwenye taya lake, akakunja uso kuonyesha uchungu, akapandisha nyusi kungoja jibu. Na mtu aliyeonyeshwa kidole na taya na mdomo uliojaa chuma, atajibu nini?

Kinyozi wa chini alikuwa wa kwanza. "Jino hilo, Bi Misumari! Mimi jino lilinifanya nilie mbele ya wateja. Sukutua maji ya chumvi, weka karafuu." Shangazi akaguna mara moja. Akasukutua siku nne, karakana yote ikanuka karafuu, na mimi nikawa nashona nikipiga chafya.

Mama anayetuuzia vitambaa alikuja na marobota yake, akaonyeshwa kidole. Alimshika Shangazi kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua nyanya. "Dada yangu, hiyo ni baridi imeingia kwenye kiungo. Mimi mwenyewe yalinipata baada ya uzazi. Jifunge kitambaa cha moto." Shangazi akafunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, na fundo juu. Alikaa hivyo wiki nzima akipokea wateja kwa uso mkavu, na ole wake aliyecheka. Mimi nilicheka dirishani.

Wa tatu alikuwa baba yangu mdogo, ambaye ni mdogo wake Shangazi. Yeye hakuonyeshwa kidole kwa sababu alipiga simu, lakini mimi ndiye niliyepokea, nikamweleza yale yale: taya, kushoto, misumari. Hakuniacha nimalize. "Mwambie dada ang'oe! Jino bovu halibembelezwi." Baba mdogo ni mtu wa kung'oa. Aliwahi kung'oa mlango mzima kwa sababu kitasa kilikwama.

Shangazi akaenda kung'oa. Daktari wa meno alimchungulia, akasema kuna tundu dogo kwenye gego moja, linaweza kuwa ndilo lenyewe na linaweza lisiwe, pengine wangoje kidogo. Shangazi hakungoja. "Toa," alimwambia. "Nimeshapoteza siku nyingi." Alirudi na pamba shavuni, na misumari akaiweka kwenye bakuli la bati kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini. Kuokota kwa vidole mmoja mmoja kulimtia hasira kuliko kung'olewa. Kiti cha saa mbili kilichukua siku.

Siku ya tano baada ya jino kutoka, tulikuwa tunapandisha kiti kimoja tu, chepesi, chenye mikono. Tulipofika kwenye kona akasema, "Weka chini." Nikaweka. Akainama.

"Vipi, Shangazi?"

"Nafunga kiatu."

Alikuwa amevaa ndala. Nilitazama ndala zile, nikamtazama yeye, na jasho lilikuwa limemlowesha kifua wakati asubuhi ilikuwa ya baridi. Mkono wake ulikuwa tayani. Hakukuwa na msumari mdomoni na jino lilishatoka. Niliogopa, nikaogopa kweli kweli, lakini nikakishika kiti upya, maana alikuwa ananitazama kwa jicho la "thubutu".

Nikabaki na hofu yangu siku mbili. Nilimwambia apumzike, akaniambia niangalie mshono wangu. Nilimwambia twende hospitali, akaniuliza tukaseme nini, maana kwa meno ameshakwenda na amewaachia jino. Nikarudi kwenye cherehani, swali lake likinikera kuliko ubishi wake.

Aliyetutoa gizani ni mwalimu mmoja mstaafu, naye mpaka leo hajui. Alikuja na kiti chake cha kusomea, kinalia. Aliweka kiti katikati ya karakana, akachuchumaa kwa shida na kugonga mguu wa nyuma. "Hapa, fundi. Kinalia hapa. Nimekipaka mafuta, nimekipigilia vijiti, bado."

Sasa, katika karakana yetu kuna jambo moja ambalo kila mteja hukaripiwa, awe mwalimu awe nani. Kiti hulia mahali ambapo hakikuvunjika. Sauti hutokea mguuni, lakini kilicholegea ni msalaba wa chini ya kikalio, au mgongo, au mbao ambayo huwezi hata kuiona mpaka utoe kitambaa. Anayetengeneza palipolia atatengeneza milele. Shangazi alitema misumari kiganjani, maana alikuwa ameshairudisha mdomoni kwa ukaidi, akamkazia macho mzee wa watu.

"Mwalimu, mimi sikuulizi kinalia wapi. Wapi haina maana. Nakuuliza kinalia ukifanya nini. Ukikaa? Ukiinuka? Ukiegemea? Nyumbani kwako umekipaka mafuta mguu mzima wa watu ambao hauna…"

Hakumaliza. Alibaki mdomo wazi, misumari mkononi. Nilisimamisha cherehani. Mwalimu alidhani amemkosea, akaanza kueleza kwamba ni mke wake ndiye aliyepaka mafuta.

"Kiache," Shangazi akamwambia, taratibu sasa. "Njoo wiki ijayo." Mzee alipoteremka, Shangazi alivuta kigoda mbele ya cherehani yangu. "Chukua chaki, mwanangu. Tuandike."

Tuliandika ukutani, kando ya mlango, pale tunapoandika vipimo vya mito. Alinitajia kila siku aliyoumwa na alichokuwa amefanya, na mimi nikachora. Kochi la watu watatu: ngazi. Kesho yake: ngazi, fremu ya kitanda. Siku ya soko: alibeba robota la sponji kutoka barabarani. Siku aliyogombana na mtu wa maji: alikuwa amemfuata mbio mpaka kwenye kilima. Ile kona: ngazi. Kisha akaniambia niandike siku alizokaa tu akipigilia, hajabeba wala kupanda kitu. Zilikuwa kumi na moja. Hakuumwa hata siku moja.

Tukatazama ukuta. Wiki nane misumari ilisingiziwa kwa sababu moja tu, kwamba Shangazi hapumziki. Anapanda na mzigo, maumivu yanakuja naye, anakaa na kujaza mdomo, na kwa kuwa amekaa yanaondoka. Sisi tulikuwa tunaona misumari inaingia.

Nilifikiri atatishika. Wapi! Alisimama, akajipangusa chaki, macho yanawaka. "Sasa naenda kuuliza upya," akasema, "na safari hii nina mdomo."

Aliteremka, mimi nyuma yake. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, mashine inanguruma. Shangazi alisimama mlangoni.

"Kinyozi. Taya linauma nikipanda ngazi. Nikibeba kitu linauma zaidi. Nikikaa linaisha. Jino nimeng'oa na bado. Unasemaje?"

Yule bwana, ambaye ana jibu la kila kitu kuanzia mvi hadi siasa, alizima mashine. Alifikiri. Hata mteja aligeuza kichwa chake chenye nywele nusu.

"Hilo si jino, Mama," akasema. "Hilo mimi sijui. Nenda hospitali, na uende leo."

Mama wa vitambaa tulimpigia simu tukiwa bado pale mlangoni. Naye alisikiliza mpaka mwisho. "Dada, nilikudanganya bila kujua. Mimi yangu yaliuma hata nikilala. Haya yako siyajui. Nenda." Sijawahi kusikia watu wawili wakisema "sijui" kwa moyo mzuri namna ile, na nilitamani tungeisikia miezi miwili nyuma. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tatizo ni kwamba sisi tulimwonyesha kila mtu shuka tu.

Hospitali tulifika kabla ya saa sita. Karani wa dirishani aliuliza shida, akasikia neno taya, na kalamu yake ikaanza kwenda yenyewe. "Meno, korido ya pili, kushoto."

"Si meno," Shangazi akasema.

"Mama, taya ni kwa daktari wa meno."

"Kwa meno nimeshakwenda, nimewaachia jino langu, hata risiti ya jino sina. Andika hivi: linauma nikipanda ngazi, linaacha nikikaa."

"Mama, kuna foleni nyuma yako."

"Naiona. Na mimi niko mbele yake." Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, ile mikono inayovuta ngozi mpaka inalia. Hakupaza sauti. Alirudia maneno yale yale mara ya tatu, polepole, kama anamsomea mtoto imla, na karani akayaandika jinsi yalivyo. Muuguzi aliyekuwa anapita nyuma yake alichungulia begani kwake akayasoma, akamtazama Shangazi, akauliza umri. Hamsini na nane. Basi kikaletwa bila kusita kiti cha magurudumu, ambacho Shangazi alikikagua kwanza na kusema kikalio chake kimepigwa stepla.

Yaliyofuata ni marefu na mengi yake sikuyaelewa. Mishipa inayolisha moyo ilikuwa imebana. Moyo ukiongezewa kazi ulikuwa unakosa damu ya kutosha na kulalamika, ila malalamiko yalitokea tayani. Daktari alisema wengine huumwa kifua, wengine mkono, wengine mgongo, na wanawake hasa huenda hospitali na dalili kama hizi na kuambiwa ni uchovu. Alimpa vidonge pale pale na kumpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo, huko wakamzibua mshipa. Leo yupo, anapigilia. Kubeba amekatazwa, na tumeajiri wapagazi wawili wenye vifua, anaowaamrisha kutoka juu ya ngazi mpaka wanatubu.

Lakini ninachotaka kukieleza kilitokea kabla ya hayo, ndani ya chumba kidogo cha yule daktari. Alikuwa mwanamke kijana, miwani imemteleza puani. Shangazi alikuwa amelala kitandani, nyaya zimebandikwa kifuani, karatasi inatoka kwenye mashine ikiwa na mistari yake. Daktari aliitazama, akauliza kama mtu anayejaza fomu:

"Katika ndugu wa damu, kuna aliyefariki ghafla?"

Shangazi aligeuza kichwa akanitazama.

"Kaka yangu," akasema. "Baba yake huyu. Alikuwa na hamsini na mbili."

"Alikuwa analalamika chochote kabla?"

Nilijibu mimi. "Bega. Bega la kushoto." Na maneno yakiwa yanatoka niliyasikia. Baba alikuwa akishuka kwenye baiskeli baada ya kile kilima cha nyumbani, anakaa barazani, anaonyesha bega. Majirani walisema ni baridi, ni mto mbaya wa kulalia, ni uzito wa mfuko. Tukanunua dawa ya kuchua. Mimi ndiye niliyemchua, kila jioni, mwezi mzima, na akifumba macho kwa raha ananiambia mikono yangu ina dawa. Maumivu yalikuwa yanaisha kwa sababu amekaa. Nilijivunia mikono yangu hadi asubuhi aliyoanguka, na kwa kweli nilijivunia hata baadaye, kwamba angalau nilimpunguzia maumivu.

Nililia mbele ya yule daktari. Sikulia kistaarabu. Nilisema, "Nilimchua, Shangazi. Nilimchua vizuri kabisa."

Shangazi hakunibembeleza. Alinyoosha mkono kadiri nyaya zilivyomruhusu, akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikauma.

"Ulikuwa mtoto, ukafanya ulichoambiwa. Mimi nilikuwa mtu mzima, na mimi ndiye niliyekutuma dukani kuinunua ile dawa. Kwa hiyo hilo niachie mimi." Kisha akamgeukia daktari. "Mdogo wangu wa kiume nitampigia simu leo, atakuja, hata kama ni kwa kukokotwa. Na ukimaliza na mimi, mpime huyu."

"Shangazi, mimi siumwi popote."

"Sijakuuliza unaumwa wapi," akasema. "Vua sweta, kaa hapo."

Nikavua sweta, nikakaa.